Kabla Mnunuzi Hajabisha Hodi

Siku hizi madalali wa Dar es Salaam wana somo wanalowapa wauzaji wa nyumba, na somo lenyewe linazunguka kwenye simu zetu kama mahubiri. Paka rangi nyeupe. Ziba nyufa, kata majani, washa taa zote hata ikiwa ni mchana, ondoa ndoo na madumu uani, fukiza udi kidogo. Na zaidi ya yote, teremsha picha za familia ukutani, ili mgeni anayeingia ajione yeye ndani ya nyumba ile, asikuone wewe.

Sina ugomvi na rangi nyeupe, wala na udi. Agizo lile la mwisho ndilo lililonikaa moyoni. Mtu anayesoma historia ya makazi katika mwambao wetu hawezi kulipita hivihivi, kwa sababu picha za ukutani ni mwanzo tu. Aghalabu kinachofuata kuteremshwa ni watu. Nataka kuonyesha hapa kwamba matayarisho mazito ya nyumba inayouzwa yamekuwa ni kuamua nani aonekane na nani asionekane siku mnunuzi anapofika. Na kwamba sheria zetu, za dini na za dola, zimekuwa zikijaribu, kwa mafanikio ya nusunusu, kumlazimisha mnunuzi awaone wale waliofichwa.

Tuanze na maneno, maana lugha huhifadhi mambo ambayo kumbukumbu za ofisini hupoteza. Neno dalali tumelitoa katika Kiarabu, na mzizi wake ni uleule wa neno dalili: kuonyesha, kuelekeza njia. Mnada nao unatokana na kunadi, yaani kupaza sauti. Kwa hiyo mnada ni kazi ya sauti na udalali ni kazi ya macho. Dalali, kwa asili ya jina lake, ni mwonyeshaji. Na kuna neno la tatu ambalo wengi wetu hatulihusishi na biashara hata kidogo, nalo ni aibu. Leo aibu ni fedheha. Katika fikihi ya mauziano, neno hilohilo la Kiarabu maana yake ni dosari ya bidhaa: ufa wa chungu, kilema cha mnyama, ukuta unaovuja. Muuzaji anayeijua aibu ya mali yake anatakiwa kuitaja, na mnunuzi anayeigundua baada ya kununua ana hiari ya kurudisha mali na kudai fedha zake. Waislamu wanakijua kisa cha Mtume sokoni, alipoingiza mkono katika lundo la nafaka na kukuta juu pakavu na ndani pamelowa, akamkemea mwenye lundo. Sijui mfano ulio bora kuliko huo wa kutayarisha bidhaa kwa ajili ya macho ya mgeni.

Fikihi hiyohiyo ina haki inayoitwa shufaa. Ikiwa watu wawili wanamiliki nyumba kwa ushirika na mmoja akauza fungu lake kwa mtu wa nje, mshirika aliyebaki anaweza kulichukua fungu lile kwa bei ileile. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani hii, haki hiyo inaishia kwa mshirika. Wahanafi wanaifikisha hata kwa jirani. Maana yake ni kwamba nyumba haikuhesabiwa kuwa kuta na paa tu. Ilikuja na watu waliofungamana nayo, na mauzo yaliyowaruka watu hao yalikuwa na kasoro hata kama kuta zilikuwa zimenyooka kama rula.

Nenda Lamu ukaitazame nyumba ya mawe ya karne ya 18, utaona jinsi wajenzi wake walivyoyafikiria macho ya mgeni. Upande wa kichochoroni ukuta ni mtupu. Mgeni anaishia kwenye daka, ile kibaraza yenye viti vya mawe mlangoni. Akiruhusiwa zaidi, atafika kwenye kiwanda, uwanja wa wazi wa ndani, na pengine kwenye msana. Uzuri wote umelundikwa ndani kabisa, katika chumba cha bibi wa nyumba, ambako zidaka zimepangwa safu kwa safu ukutani, zimenakshiwa kwa chokaa, na zamani zilibeba vyombo vya kauri kutoka China. Kadiri mtu alivyozidi kuwa mgeni, ndivyo alivyoona kidogo. Na nyumba yenyewe aghalabu ilijengwa kwa ajili ya binti, ambaye mumewe angehamia kwake. Mwanamke hakuwa mpangaji wa mapenzi ya mume. Mume ndiye aliyefika na mkeka wake. Katika miongo ya karibuni nyumba nyingi za namna hiyo zimeuzwa kwa watu kutoka Ulaya, na ukitazama matangazo yake utakuta picha ya kwanza kabisa ni ya zidaka. Kile kilichokuwa cha mwisho kuonwa na mgeni sasa ndicho chambo cha kumvutia.

Hata hivyo tusidanganyike kwamba historia ya nyumba zetu ni historia ya mawe. Wenye mawe walikuwa wachache. Wengi waliishi katika nyumba za miti na udongo, na huko swali la nini hasa kinauzwa lilikuwa gumu zaidi. Ng'ambo ya Unguja, mwanzoni mwa karne ya 20, nyumba ilikuwa ya mtu mmoja na ardhi iliyo chini yake ya mtu mwingine, au ilikuwa ya wakfu. Wakazi wengi walikuwa watu waliotoka utumwani, au watoto wao. Aliyeuza nyumba aliuza miti, udongo na paa la makuti au la madebe yaliyofunuliwa. Ardhi ilibaki palepale na mwenyewe, na kodi yake ilimfuata mnunuzi. Katika miaka ya 1920 wenye ardhi walipoanza kuipandisha na kuidai kodi hiyo kwa nguvu, mambo yaliwaka. Mwaka 1928 wakazi waligoma kulipa, mahakama zikatoa amri za kufukuza watu na kubomoa, wagomaji wakafungwa, umma ukaenda gerezani ukawatoa kwa nguvu. Serikali ya kikoloni ililazimika kuingilia kati. Nawaambia wanafunzi wangu kwamba kabla ya vyama vya siasa Zanzibar kulikuwa na siasa ya kiwanja, na wanaotaka kuielewa siasa ya leo ya ardhi mijini wasiipuuze Ng'ambo.

Dar es Salaam ilikuwa na umbo lake. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala au Magomeni mnaijua: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na nyuma uani pa kupikia, kufulia na kuogea. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki, na si wachache waliokuwa wanawake. Nyumba ya namna hii haikuhitaji kuonyeshwa tupu. Mnunuzi aliyeingia ukumbini aliona mapazia sita milangoni na akapiga hesabu ya kodi. Wapangaji walikuwa sehemu ya thamani. Kuwaficha kungekuwa ujinga. Leo Kariakoo hesabu imegeuka kabisa. Mnunuzi anataka kuinua ghorofa, nyumba kwake ni kifusi kinachosubiri siku, na chumba chenye mpangaji ni ucheleweshaji. Hapo rangi nyeupe ni fedha iliyotupwa, maana mnunuzi haitazami nyumba. Anapima kwa hatua upana wa kiwanja.

Jambo hili la kutazama nyumba huku ukiona kiwanja lina historia ya kisheria ambayo watumishi wa idara za ardhi wanaoisoma safu hii wanaijua vizuri kunishinda. Waingereza mwaka 1923 waliiweka ardhi ya Tanganyika chini ya mamlaka ya gavana. Baada ya uhuru, mwaka 1963, hati za umiliki wa kudumu ziligeuzwa kuwa za kupanga kutoka serikalini, na mwaka 1969 zikawa haki za kumiliki kwa masharti, kama tulivyonazo sasa. Ardhi tupu, kwa mtazamo huo, haikuwa bidhaa. Kilichoweza kuuzwa ni maendelezo: nyumba, kisima, miti ya matunda. Kwa hiyo kwa miongo kadhaa watu wawili walisimama mbele ya kibanda, wakakubaliana bei ya kibanda, wakaandikiana bei ya kibanda, na wote wawili wakijua kwamba fedha zile ni za ardhi. Kibanda kilikuwa pazia. Ni Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliyokubali waziwazi kwamba maslahi katika ardhi yana thamani. Sioni ajabu kwamba taifa lililolelewa katika mauziano ya pazia limezaa madalali hodari wa kupamba.

Kisha kuna mwaka 1971, ambao nadhani haujapewa uzito unaostahili. Mwezi Aprili mwaka ule serikali ya Mwalimu Nyerere ilitwaa majengo yaliyokuwa na thamani ya shilingi 100,000 au zaidi na ambayo mwenyewe hakuwa akiyatumia yote kwa makazi yake. Yaliwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na yaliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi hayakulipiwa fidia. Wengi wa walionyang'anywa walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, na makovu yake yapo hadi leo. Mwaka 1990 majumba hayo yalipelekwa Shirika la Nyumba la Taifa. Mengi yamesemwa juu ya haki na dhuluma ya hatua ile, na si nia yangu kuyarudia. Ninachotaka kukiangalia ni swali ambalo dola iliuliza ilipobisha hodi. Haikuuliza nyumba ni nzuri kiasi gani tu. Iliuliza nani anakaa humu.

Muda mfupi tu baadaye, tarehe 1 Mei 1971, ilianza kutumika Tanzania Bara Sheria ya Ndoa. Kifungu chake cha 59 kinasema kwamba mume au mke mwenye maslahi katika nyumba ya ndoa hawezi, maadamu ndoa ipo, kuiuza, kuigawa, kuipangisha wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenziwe; na yule mwenzi asiye na jina kwenye hati anaweza kuweka zuio kulinda haki yake. Sheria ya kwanza ilikuwa na kelele, magazeti na hotuba. Hii ya pili ilipita kimya zaidi upande wa nyumba, kwa sababu watu walishughulika na mahari na ndoa za mitala. Kwa maoni yangu ndiyo iliyokuwa na mapinduzi makubwa zaidi, kwa kuwa iligusa kila kitanda. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri ambalo wanafunzi wa sheria hulijua kama la Bi Hawa, ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mwanamke yule mwenyewe hakupata fungu alilodai, kwa kuwa mahakama ilihesabu fedha ambazo mumewe alikwisha kumpa; lakini kanuni ilibaki, na wengine wamekula matunda yake.

Sheria ya Ardhi ya 1999 ikasogea hatua nyingine. Kifungu cha 161 kinampa anayenunua wajibu wa kuulizia kama mwenzi wa muuzaji ameridhia. Kwa mara ya kwanza macho ya mnunuzi yakawa na kazi ya kisheria: haitoshi kutazama dari. Ila soma kifungu hicho taratibu na utaona tundu lake. Mnunuzi anatakiwa kumuuliza nani? Anamuuliza muuzaji. Yaani yule aliyeteremsha picha ukutani ndiye anayeulizwa kama palikuwa na picha. Wakili yeyote wa mjini atakueleza ya wanaume walioapa kwamba hawajaoa, na wengine waliomleta mezani mwanamke mwingine akaketi kama mke, akatia saini, akala soda, akaondoka.

Naomba niweke hapa jambo la ukoo wangu. Mama yangu mdogo alifiwa na mumewe wakiishi katika mtaa mmoja wa Temeke. Hakuwa amezaa naye. Marehemu alikuwa na watoto wa kiume wa ndoa ya kwanza, watu wazima. Baada ya eda walimjia kwa heshima zote. "Mama, umechoka, nenda kapumzike Tanga kwa ndugu zako, nauli hii hapa." Akaenda. Siku ya nne jirani akampigia simu. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi ndani na nje. Cherehani yake ilikuwa kwa fundi wa baiskeli barabarani, kitanda chake kimesimamishwa ukutani chooni kwa jirani, na watu wenye gari walikuwa wamekwisha kuja mara mbili kutazama vyumba. Mmoja aliuliza kama kuna mtu anaishi humo, akaambiwa hakuna.

Mama mdogo alirudi na basi la alfajiri. Hakuanzia polisi wala kwa wakili. Alipita dukani akanunua kopo dogo la rangi nyekundu na brashi, na juu ya ule weupe mpya, upande wa barabarani, akaandika kwa herufi kubwa zilizopinda: NYUMBA HII HAIUZWI. Mahakama ya Mwanzo ilifuata baadaye, pamoja na kikao cha ukoo, muhtasari wake, na uteuzi wa msimamizi wa mirathi ambaye vijana wale hawakumpenda. Nyumba haikuuzwa mwaka ule. Iliuzwa miaka mitatu baadaye, yeye akiwa mezani, akatia dole gumba mahali pake na kuhesabu fedha za fungu lake mara mbili.

Maandishi yale mnayajua. Yapo Temeke, yapo Kinondoni, na Nairobi pia utayakuta kwenye kuta za viwanja. Wageni huyaona kama kichekesho: nani atangaze kwamba hauzi? Mimi nayasoma kama hati. Ni zuio la kisheria la mtu asiye na nauli ya kwenda kwa msajili, limebandikwa mahali pekee ambapo mnunuzi hawezi kukwepa kulitazama. Tena hutokea zaidi pale ambapo ndugu, wajane na watoto wamebaki na nyumba isiyogawanywa, na mmoja wao ana haraka. Angalieni pia sarufi yake. Haisemi "siuzi" wala "hatuuzi". Mwandishi hajitaji, kama vile nyumba yenyewe ndiyo iliyokataa. Tena ni alama ya rangi kama ile X nyekundu ambayo mamlaka huichora kwenye nyumba zilizo katika hifadhi ya barabara, kama tulivyoiona kando ya Barabara ya Morogoro kabla ya bomoabomoa ya mwaka 2017. Muuzaji mjanja anaweza kuifunika X kwa mkono mmoja wa chokaa. Kwenye faili la wakala wa barabara itabaki.

Kuna mauzo mengine ambayo hayakuhitaji chokaa wala udi, na watumishi wa umma wanisamehe nikiyataja. Kuanzia mwaka 2002 serikali ya awamu ya tatu iliuza nyumba zake, nyingi zikiwa katika maeneo bora ya miji, kwa watumishi waliokuwa wakikaa humo. Mnunuzi alikuwa tayari yupo sebuleni. Hakuna aliyebisha hodi, hakuna aliyezungushwa vyumbani kulinganisha bei na soko, na mwenye mali, yaani wananchi, hakuitwa hata kuchungulia. Waliotetea walisema serikali inajitua mzigo wa matengenezo na kuwapa watumishi makazi ya kustaafia, hoja ambayo si ya kupuuzwa. Lakini ukiniuliza ni wapi katika historia hii mwenye haki alifichwa vizuri kuliko kwingine kote, sitakutajia Temeke.

Wanaharakati wa haki za wanawake wamekuwa wakidai kwamba ridhaa ya mwenzi isiishie kwenye kiapo cha muuzaji, na nawaunga mkono, ila ningependa dai lenyewe liwe la kawaida zaidi, la miguu. Leo mwenyekiti wa serikali ya mtaa hushuhudia mauziano akiwa ofisini kwake, nyuma ya meza, na mara nyingi hutozwa watu ada kwa muhuri wake. Aondoke mezani. Afike kwenye nyumba inayouzwa asubuhi na mapema, kabla dalali hajafika na kabla watu hawajatawanyika, abishe hodi, na aulize nani analala chumba kipi.